Anko Santuri anajibu: Mume wangu kanijibu kwa wimbo wa "Sina Makosa"

Mwezi huu nimefungua meseji zenu nikacheka peke yangu, karibu zote ni za kuibiana. Sijui ni kwasababu Desemba inakaribia na wachaga mnaanza kupanga kurudi nyumbani na siri zenu au vipi. Utaratibu mnaujua, we andika wimbo na maneno unayoyakumbuka, mi nakupa maana ninavyoielewa, ugomvi wa ndani kwako utaumaliza mwenyewe.

Shikamoo Anko. Mimi nauza mitumba Kiborlon, nina watoto wawili. Mume wangu anaendesha Noah za Himo na siku hizi anarudi saa sita saba usiku. Juzi nikamuuliza kwa upole tu, baba nanii ulikuwa wapi, hakunijibu, akachukua simu akaweka Sina Makosa kwa sauti akaanza kucheza palepale jikoni, anasema si unasikia, hata wimbo unasema sina makosa. Wifi yangu alikuwepo, akacheka mpaka akakaa chini. Mi nikakosa la kusema. Huo wimbo hasa una maana gani, ni wa mtu aliyesingiziwa? – Mama Wawili, Moshi

Marahaba mama, na pole. Ila nikwambie ukweli, mumeo kajitafutia shahidi mbaya sana. Huo wimbo wa Les Wanyika sio wa mtu aliyesingiziwa hata kidogo, ni wa mtu aliyekamatwa na amekubali kila kitu, anachobishia ni kupigwa tu.

Wengi mnapotea kwasababu mnashika lile neno linalorudiwa rudiwa mnadhani ndo maana ya wimbo. Wimbo wa usaliti ukitaka kuuelewa uliza kwanza nani anaongea, alafu anaongea na nani, alafu (hapa ndo penyewe) nani anatajwa wakati hayupo. Sasa twende. Kwenye Sina Makosa anayeongea ni mwanaume. Anayeongea naye sio mke wake. Ni mwanaume mwenzie, anamwita bwana, anamwita baba, anamuuliza hasira za nini, mbona unataka kuniua bure. Alafu anatoa hoja yake, kwamba we una wako nyumbani na mimi nina wangu nyumbani, na yule tunayemgombania si wako na wala si wangu, sasa chuki ya nini kati yetu.

Sikiliza hiyo hoja taratibu mama. Yani hapo wapo wanaume wawili, wote wana wake zao, wamegongana kwa mwanamke wa tatu, mmoja kapandisha hasira na mwingine anamtuliza kwamba jamani mbona wote ni wezi, mwizi anamlaumuje mwizi mwenzie. Hilo ndo "kosa" analolikataa. Hajasema hakufanya. Hajasema hata mara moja kwamba yule mwanamke hamjui. Anasema tu kwamba wewe bwana sio wa kunihukumu, na kusema kweli kwa hapo ana pointi, yule bwana hana haki ya kukasirika. Wenye haki ya kukasirika ni wawili waliobaki nyumbani, na hao kwenye wimbo mzima hawapewi hata nusu mstari, wametajwa tu kama vile mtu anataja kabati lake.

Kuna swali lingine watu hawalifikirii. Kama si wako na si wangu, ni wa nani? Wapo wanaosema ni binti tu asiye na mtu. Wapo wanaosema ni mke wa mtu na hao mabwana wanajua fika, ndo maana wanaongea kwa mafumbo na hakuna anayemtaja jina. Mi naegemea hao wa pili japo wimbo haujafunga mlango upande wowote, na nadhani ndo sababu tunabishana nao mpaka leo miaka zaidi ya 40. Ila ona mambo yanavyogeuka ukichukua hiyo maana ya pili na kuileta huku kwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 72, inampa mume au mke haki ya kwenda mahakamani kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake, ile tunayoita fidia ya ugoni. Kwahiyo kama yule ana mume, mume wake anaweza kuwashtaki hao mabwana wote wawili kwa mpigo, na wale wake wawili wa nyumbani nao wanaweza kumdai yule mwanamke. Mwimbaji anaimba hana makosa huku kuna watu watatu wanaoweza kumfungulia kesi yeye au wenzie, hahaha. Kesi inaanguka kama mwenye kudai alikubali au alifumbia macho, au kama anayedaiwa hakujua na hakuwa na namna ya kawaida ya kujua kwamba huyo mtu ana ndoa. Sasa huyu wa kwenye wimbo atasema hakujua nini wakati kwa maana hiyo ya pili anajua fika yule ni mke wa mtu?

Nisiache kusema hili maana watu wa Arusha mnajisahau, mizizi ya huo wimbo imepita kwenu. Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga kwenye Jamhuri Jazz, mwaka 1970 wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya na huko ndo ikazaliwa Simba Wanyika. 1978 bendi ikapasuka, kina Omar Shabani waliyemwita Profesa, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu wakatoka wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akaingia, na Sina Makosa ndo ukawapa jina. Kwahiyo ukiusikia Kiswahili chake kimenyooka namna ile usishangae, ni vijana wa huku waliokuwa wanatafuta maisha Nairobi.

Turudi jikoni kwako. Mi sikwambii mumeo ana mtu, kucheza wimbo sio ushahidi. Ingekuwa ushahidi basi nusu ya kamati za harusi za Moshi zingekuwa rumande, maana huo wimbo nimeusikia ukipigwa ndafu inaingia ukumbini, mashangazi wa bwana harusi wamejipanga mstari wanacheza na kitenge sare, bi harusi anatabasamu, na hakuna mtu ukumbini anayesikiliza kwamba panaimbwa habari ya waume wawili wagoni. Inawezekana kabisa mumeo naye anajua hayo maneno mawili tu. Lakini hujajibiwa swali lako mama, na hapo ndo pa kushika. Uliuliza ulikuwa wapi, ukajibiwa na gitaa.

Siku akiweka tena usigombe wala usilie mbele ya wifi. Muache acheze. Ikifika pale pa una wako nyumbani, zima simu, muulize kwa sauti ileile ya upole, hapa we ni yupi kati ya hawa wawili, na yule ni nani? Atakachojibu ndo uniandikie.

Anko mambo. Napanga Kaloleni hapa Arusha, nyumba ya uani tupo wapangaji sita. Kuna dada mmoja kila nikitoka kuanika nguo anaongeza sauti ya spika, anapiga taarabu za wezi wa waume, tena anaimbia dirishani ananiangalia. Juzi kavaa khanga maneno yake sitaki hata kuyaandika. Sijawahi kugombana nae. Hizo nyimbo zinanihusu mimi au najishtukia? Nisisahau, mume wake huwa ananipa lifti asubuhi mpaka Kilombero ila ni lifti tu. – Mpangaji wa Chumba cha Nne

Dada umenifurahisha sana, jambo kubwa kuliko yote umeliweka mwishoni baada ya "nisisahau".

Taarabu ndivyo ilivyotengenezwa, imetengenezwa isitaje jina. Toka enzi za Siti binti Saad kule Unguja, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nyimbo zilikuwa zinachukua kisa cha kweli cha mtaani zinakivisha nguo, mwenye kisa anajijua na majirani wanamjua ila hakuna wa kushtakiwa. Ilivyofika miaka ya 90, vikundi vya TOT na Muungano vikawa vinachuana, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, mafumbo yakavuliwa nguo kidogo ikawa ndo hiyo mipasho. Sasa ukienda kwenye onyesho lenyewe utaona mwanamke anasubiri beti fulani tu. Beti ikifika anainuka na noti yake, anakwenda kumtunza mwimbaji taratibu sana, anapita mbele ya meza ya mtu fulani, anaimba nae hilo beti huku mkono unaonyesha upande huo, alafu anarudi kukaa kama hajafanya kitu. Mwimbaji hamjui yule wa mezani. Mtunzi wa maneno hamjui. Lakini kwa dakika hiyo lile beti limeshakuwa mali ya yule mwenye noti na yule aliyeonyeshwa.

Jirani yako anafanya hilohilo, ila hana ukumbi, ana dirisha. Kwahiyo ukiniuliza wimbo unakuhusu, wimbo wenyewe haukuhusu, aliyeimba yupo Dar na wala hajui kama Kaloleni kuna chumba cha nne. Anayekuhusu ni anayeupiga. Nani anaongea? Yeye, kaazima mdomo wa mtu. Na nani? We, kama utakubali. Hapo kwenye "kama utakubali" ndo utamu wote wa mipasho ulipo, mana siku utakayoweka beseni chini ukamuuliza unaniimbia mimi, atakuangalia juu mpaka chini aseme kwani we umeiba mume wa nani? Na wapangaji wengine wanne wapo mlangoni wanasubiri jibu.

Na ambaye hayupo kwenye hilo songombingo lote ni mwenye gari. Yeye anatoka asubuhi anapiga honi, anapakia mtu, anarudi jioni anakuta wanawake hawasalimiani, anauliza kuna nini humu ndani. Wanaume bwana.

Ushauri wangu utauona mdogo. Panda hiace, nauli ya mpaka Kilombero haikushindi. Kama huwezi kuacha lifti basi kesho yake mwambie mwenyewe dada, tena mbele ya mumewe, shemeji ananisogezaga Kilombero nikiwa nimechelewa, na we siku ukiwa unaenda sokoni twende wote. Alafu ukae siti ya nyuma. Wiki moja tu uone kama hiyo spika haitahamia kwenye kwaya.

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni guide wa mlima, naongoza watalii Kilimanjaro, natokea Marangu. Kuna siku tupo kambi ya Horombo na wageni wa Marekani, wakatoa gitaa wakaimba wimbo unaitwa Jolene, wamama kwa wababa wanaujua wote, wanaimba kwa hisia mpaka wapagazi wakatoka kwenye mahema. Nikamuuliza mgeni mmoja akasema ni wimbo wa mwanamke anaogopa kuibiwa mume, alafu akacheka tukaendelea na mambo ya chai. Nimebaki na maswali, Jolene ni nani, na je alimchukua huyo mume? – Guide wa Marangu

Marahaba kijana, pongezi kwa kazi, mi Horombo nimefika kwa hadithi za watu tu.

Wimbo ni wa Dolly Parton, mwanamama wa kantri, ulitoka 1973. Tumia mizani yetu ileile. Anayeongea ni mke. Anaongea na Jolene mwenyewe, uso kwa uso, na ajabu yake hamtukani. Anamsifia! Anamwambia nywele zako, ngozi yako, macho yako ya kijani, sauti yako, mi sikuwezi, nakuomba tu usimchukue mume wangu eti kwasababu unaweza. Anamwambia mpaka siri ya chumbani, kwamba mume akilala anaota anataja jina lako. We fikiria mwanamke wa kwetu amwendee mwizi wake amwambie hayo, tena kwa kubembeleza, mtaani wangesema karogwa.

Sasa tafuta asiyekuwepo. Ni mume. Wanawake wawili wanapangiana mtu mzima, mmoja anaomba aachiwe, mwingine ndo mwenye uamuzi, na mwanaume mwenyewe kazi yake kwenye wimbo mzima ni kulala na kuota. Hakuna anayemuuliza we baba unataka kukaa au kuondoka. Mi huwa naona hapo ndo maumivu ya wimbo yalipo kuliko kwenye hayo macho ya kijani, huyu mke keshakata tamaa na mume, anaona huruma ya adui ina uhakika zaidi.

Kuhusu kama alimchukua, wimbo haujasema. Unaisha anabembeleza bado, hatujui Jolene kajibu nini. Na hatujui hata kama kulikuwa na kitu chochote, maana kutaja jina usingizini sio kosa kwenye kitabu chochote cha sheria.

Kwenye maisha ya kweli Dolly mwenyewe kaeleza mara nyingi, kulikuwa na dada wa benki, nywele nyekundu, alikuwa anamchangamkia sana mume wake, Carl Dean, na mume akawa anapenda kwenda benki kuliko pesa walizokuwa nazo. Wameoana 1966, ndo kwanza ndoa ilikuwa mpya. Jina la Jolene wala sio la huyo dada, alilichukua kwa katoto kalikomfuata jukwaani kuomba saini, akalipenda akalibeba. Carl na Dolly waliendelea kukaa pamoja mpaka bwana alipofariki 2025, kwahiyo dada wa benki alibaki na benki yake.

Ukipata bando tafuta na ule wa Beyoncé wa 2024, kachukua wimbo huohuo kageuza maneno, hamuombi tena Jolene, anamuonya. Anayeongea ni mke palepale, anaongea na Jolene yuleyule, ila goti limenyanyuka. Wageni wako wakija tena waulize wanapenda upi, utajua mengi kuhusu ndoa zao kabla hujafika Kibo.

Anko mi ni DJ wa Sakina. Swali langu fupi, kwanini nyimbo za kusalitiwa za zamani zina midundo mitamu ya kucheza? Mtu anaimba anaumwa roho, watu wanakata viuno. – DJ wa Sakina

Mdogo wangu, sababu moja ipo kwenye jina langu. Zile santuri ndogo za 45 hazikuwa na nafasi ya kubeba wimbo mrefu upande mmoja, kwahiyo wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili unageuza. Mara nyingi habari yote ilikuwa upande wa kwanza, nani kamfanya nini nani, na ukigeuza unakutana na magitaa yanaongea, ndo chemko lenyewe, mwimbaji anaita majina ya wenzie tu na kiitikio. Kwenye baa mtu aliyekaa karibu na mashine alisikia kisa, aliyeingia kati ya dansi alisikia chemko. Na nyie maDJ wa sasa ndo mmemaliza kazi, mnaruka beti mnaingia moja kwa moja kwenye magitaa kwasababu mnaogopa ukumbi utapoa. Jaribu siku moja kuuacha uanze mwanzo, utaona wazee wanaacha kuongea.

Ila na wenyewe wanamuziki hawakuwa wajinga. Walikuwa wanalipwa na watu wanaocheza. Mume anayeiba na mke anayeibiwa wote wamelipa kiingilio, ukiimba kilio kitupu wote wawili wanakwenda nyumbani mapema.

Na mwisho, we wa Usa River uliyeuliza maana ya "ule wimbo wa yule kaka ana kofia, unaanza lalala", nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nitumie hata mstari mmoja wa maneno bwana, lalala zipo nyingi.